Kiwanja alinunua kabla ya ndoa, nyumba ikajengwa ndani ya ndoa: wakiachana inagawanywaje?

#1 MtuWaChamazi
Wakuu, salaam. Naweka mfano tu, msianze kuulizana mimi ni nani. Mwanaume ananunua kiwanja Chamazi mwaka 2009 kwa milioni 4, hana mke. Mwaka 2012 anaoa, ndoa ya bomani. Kati ya 2014 na 2018 nyumba inasimama: vyumba vitatu, sebule, na fremu mbili za duka upande wa barabarani. Mke hana ajira, ila fremu moja anauza yeye. Watoto wawili, mmoja miaka 9, mwingine 5. Sasa wanaachana.

Msimamo wangu: kiwanja ni cha kabla ya ndoa, na kilichosimama juu ya kiwanja kinafuata kiwanja. Mke apewe nauli na kitu cha kuanzia maisha. Anayebisha alete kifungu.

#2 Bachela_Mkongwe
Chama cha Kataa Ndoa tumeshatandika mkeka. Endeleeni.

#3 JohoJeusi
Kifungu hiki hapa. Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kifungu cha 114. Kifungu kidogo cha (1) kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Kidogo cha (3) ndicho kinachobomoa hoja yako: mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo endapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, ama na yule mwenzake, ama kwa juhudi zao wote wawili.

Kutoka pori tupu hadi vyumba vitatu na fremu mbili, hayo si maendeleo madogo. Kupaka rangi na kubadilisha vitasa ndiyo mahakama itakuuliza kama kweli umeendeleza kitu.

#4 Mzee wa Kibanda Maiti
Kabla hamjafika mbali. Mkataba wa mauziano wa 2009 una jina la nani? Na ulisainiwa wapi?

#5 MtuWaChamazi
@JohoJeusi sawa, umeendeleza. Lakini hela ya tofali na bati ilitoka mfukoni mwa mwanaume. Mke kaendeleza nini?

#6 UshungiWaTanga
Haya, tumefika pale pale pa miaka yote. Mwenzetu hajawahi kusikia Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa, 1983? Kupika, kufua, kulea watoto na kuangalia nyumba ni mchango. Hiyo hoja ilishazikwa miaka 40 iliyopita. Na huyu wa kwenye mfano si wa jikoni tu, anauza duka. Nusu kwa nusu, tufunge uzi.

#7 JohoJeusi
Usiufunge bado, dada. Hiyo kesi inatajwa kila mahali kama dua, ila wengi hawajasoma mwisho wake. Msimamo kwamba kazi za nyumbani ni mchango uliwekwa, ni kweli, na ndio unaofuatwa hadi leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufanikiwa. Mahakama iliangalia kwamba mume alishampa fedha za mradi naye akazitumia kwa mambo yake.

Na "nusu kwa nusu" haiko kwenye sheria kwa maneno hayo. 114(2) inaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, kiwango cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Ikishapima hayo ndipo inaelemea kwenye usawa. Kuelemea tu. Kwenye Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, rufaa namba 102 ya 2018, Mahakama ya Rufaa ilikumbusha kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Ukikaa kizimbani useme "nilikuwa mke wake", umetaja cheo.

#8 Bachela_Mkongwe
"Umetaja cheo" 😂 naazima hiyo.

#9 MthaminiWaMtaani
Mimi sheria nawaachia, nije kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wanalia. Tuchukue namba za mfano: leo kiwanja kitupu kina thamani ya milioni 30, majengo milioni 60, jumla 90. Na tuseme mahakama imeamua nusu kwa nusu.

Njia ya kwanza: kigawanywe chote. Kila mmoja 45.
Njia ya pili: toa kiwanja kwa thamani ya leo, gawa majengo. Mke 30, mume 60.
Njia ya tatu: toa ile milioni 4 aliyonunulia, gawa 86. Mke 43, mume 47.

Kutoka 30 hadi 45 ni pengo la milioni 15 na hakuna aliyebishana bado kuhusu nani kapika na nani kafua. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani aende na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, inayotenganisha ardhi na majengo. Watu wengi wanapeleka namba moja ya dalali iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Upande wa pili unaleta dalali wake mwenye namba nyingine. Hakimu anabaki na madalali wawili.

#10 JohoJeusi
Kwa maneno ya 114(3) mimi naona njia ya kwanza: kinachoingia ni "mali", haisemi "ongezeko la thamani". Ile milioni 4 inakuja baadaye, kama sehemu ya mchango wa mume katika kupima asilimia.

#11 Pwani_Raha
Sikubaliani. Kama ni hivyo, mtu mwenye ekari 5 akijenga kibanda kona moja na mkewe, ekari zote 5 zimeingia? Kilichoendelezwa ni kile kipande. Njia ya pili ndiyo ya haki.

#12 UshungiWaTanga
Ekari 5 na kiwanja cha Chamazi cha hatua 20 kwa 20 ni vitu viwili, usituchanganye. Hapa kipande gani kimebaki bila kuendelezwa, chini ya karo la choo?

#13 Pwani_Raha
Ardhi ya Dar inapanda yenyewe umelala. Kutoka milioni 4 hadi 30 ni kwa sababu barabara na umeme vimefika, wala si kwa sababu ya duka la mke. Na wala si kwa juhudi za mume pia, nakubali. Ila ilikuwa yake.

#14 Kijana wa Manzese
Kwani lazima iwe ndoa ya cheti? Si ukikaa na mwanamke miezi sita tayari ni mke?

#15 KaraniMstaafu
Hiyo miezi sita sijui nani aliipanda mitaani, haipo kwenye sheria. Kifungu cha 160 kinasema miaka 2 au zaidi, na wawe wamejenga sifa ya kuonekana mbele ya watu kama mume na mke. Hapo mahakama inadhania kuna ndoa, na dhana hiyo inapingika. Mwanaume aliyefunga ndoa ya mke mmoja huko kwingine, hiyo dhana haiwezi kumzalishia mke wa pili. Hata hivyo 160(2) inamruhusu mwanamke aombe matunzo yake na ya watoto hata dhana ikianguka.

Sasa niseme kinachoangusha mashauri mengi kabla hata ya kufika kwenye nyumba. Mnagombana kuhusu milioni 30 na 45, cheti cha baraza mnacho?

Kifungu cha 101: huombi talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likathibitisha limeshindwa. Cheti hicho kina fomu yake, Fomu Namba 3. Makosa yanayojirudia ni haya.

Mtu analeta barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: "tumeshindwana nao, tunawaleta kwenu". Hiyo si cheti. Mwingine analeta barua ya ofisi ya ustawi wa jamii. Ustawi wanafanya kazi nzuri, ila wao si baraza la kifungu cha 102. Mwingine ana cheti halali kabisa, lakini amekaa nacho mwaka mzima akisubiri ndugu wapatanishe. 106(2) inataka kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua ombi. Kuna baraza lililoketi mwenyekiti peke yake, wakati sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Na baya zaidi ni baraza lililomsikiliza mmoja tu, mwingine hakuitwa kabisa. Hapo hakuna kilichosuluhishwa.

Kwenye Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, rufaa namba 246 ya 2019, watu walifika hadi Mahakama ya Rufaa ndipo ikaonekana hakukuwa na cheti halali. Ombi lilikuwa la mapema. Kila kitu kikafutwa, mgawanyo wa mali ukiwemo. Miaka yote ile, mwanzo upya.

#16 Kijana wa Manzese
Na kama mume kaitwa barazani kagoma kuja?

#17 KaraniMstaafu
Kugoma makusudi ni mojawapo ya ruhusa za kuliruka baraza zilizo ndani ya 101 hiyo hiyo. Nyingine: mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, amefungwa maisha au miaka isiyopungua 5, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama ione kuna mazingira ya pekee. Lakini tunza nakala za wito, na anayeupeleka asainiwe. "Niliambiwa kwa simu" haisaidii.

Pia ndoa ikiwa chini ya miaka 2, kifungu cha 100 kinataka kibali cha mahakama kwanza.

#18 MwanaUkwaju
Wengine tumeoana kiislamu jamani. Mume keshatamka talaka tatu kwenye sauti ya WhatsApp. Hilo baraza la nini tena?

#19 Ustadh wa Ilala
Kidini yanaangaliwa kwa mashehe, na hiyo ya tatu kwa mkupuo ina mjadala wake, tusiufungue hapa tutakesha. Kwa sheria ya nchi, upande wa Bara, talaka ya mdomo au ya waraka peke yake haikupi hukumu. Kifungu cha 107(3) kina mpangilio wake: ndoa ni ya kiislamu, baraza limethibitisha limeshindwa, BAKWATA wanayo mabaraza yao kwa hilo, na BAADA ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya kiislamu. Ndipo mahakama inatoa amri ya talaka bila kuanza kuchambua nani alimkosea nani. Wengi wanageuza: talaka kwanza, baraza baadaye.

#20 Pwani_Raha
Si kuna mahakama ya kadhi?

#21 Ustadh wa Ilala
Hiyo ni Zanzibar ndugu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara tu. Ukivuka bahari umebadilisha kitabu.

#22 Mzee wa Kibanda Maiti
Narudia swali la #4.

#23 MamaWaWawili_KND
Watoto wameachwa kama vyombo vya ndani. Miaka 9 na 5. Huyo wa 9 si anaenda kwa baba, ameshavuka saba?

#24 UshungiWaTanga
Hapana, na hili nalo ni la mitaani. 125(3) inasema kuna dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi akifikisha 7 anabeba begi kwenda kwa baba. Baada ya hapo dhana inaondoka tu, inabaki kanuni kuu: ustawi wa mtoto kwanza. Kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila. Hicho hicho kifungu kinamtaka hakimu afikirie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha. Kama wote wawili wamekuwa kwa mama kwa mwaka, wanasoma hapo karibu, baba ana kazi ya kuonyesha kwa nini wahamishwe.

#25 Ustawi_Kwanza
Niongeze upande wa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, maana watu wanaiona kama fomu ya kujaza. Afisa akija nyumbani haangalii sofa. Anaangalia mtoto analala wapi na nani, nani anampeleka shule na ni umbali gani, nani anampikia mzazi akiwa kazini, mwalimu wa darasa anamjua mzazi yupi. Baba anayesema "watakaa na bibi yao Kibaha" anaombea bibi hifadhi, hajiombei yeye. Mama anayewafundisha watoto waseme "baba simtaki" hugundulika, watoto wa miaka 9 hawawezi kurudia sentensi moja kwa maneno yale yale bila kufundishwa.

Na asiyepewa hifadhi ana haki ya kuwaona. Iombwe iandikwe: wikendi zipi, saa ngapi, sehemu gani ya likizo, anawachukulia wapi. Amri iliyoandikwa "baba ataruhusiwa kuwaona watoto" ndiyo inayoleta ugomvi getini kila Jumamosi.

#26 Bachela_Mkongwe
Na matunzo? Maana hapo ndipo tunapokamuliwa.

#27 Ustawi_Kwanza
Zamani ile sheria ya watoto wa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Ikafutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa hakuna kiwango maalumu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaangalia kipato na mali za wazazi WOTE wawili, majukumu yao mengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo anayeomba asiandike "laki tano kwa mwezi" hewani. Aweke mchanganuo: ada kwa muhula, sare na viatu, nauli au basi la shule, chakula kwa mwezi, bima ya afya, kodi kama anapanga. Na anayepinga asiseme "sina hela" bila kuleta hati ya mshahara au mwenendo wa miamala ya simu, kwa sababu mwenzake atauleta.

Ushauri wa bure kwa baba: ukilipa ada, lipa kwa akaunti ya shule na utunze stakabadhi. Ukimpa mama mkononi bila maandishi, mahakamani haupo.

#28 Kijana wa Manzese
Baba akikana mtoto?

#29 JohoJeusi
Kipimo cha vinasaba, Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi kama unayekwenda kupima malaria. Maombi yanapitia mahakama, ustawi, polisi au wakili, na sampuli zinachukuliwa kwa utaratibu wao.

#30 Dereva_Bajaji_TMK
Shauri lenyewe linafunguliwa wapi? Mahakama ya mwanzo si ina kikomo cha thamani? Nyumba ya milioni 90 hawaiwezi.

#31 KaraniMstaafu
Kikomo ni cha madai ya kawaida. Kwenye mashauri ya ndoa kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa kinazipa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu mamlaka sawa ya kuanza kusikiliza. Kwa Dar, ya ndoa na mirathi yanakwenda Temeke, Kituo Jumuishi kilichoanza 2021. Ngazi za mahakama zimo humo humo, na ustawi na watoa msaada wa kisheria wapo karibu. Wa Bunju mtalalamikia foleni, mnayo haki.

Tofauti kubwa ni ushahidi. Sheria ya Ushahidi haitumiki mahakama ya mwanzo, wana kanuni zao zilizo rahisi. Ukianzia wilayani, picha zako za simu na ujumbe wa M-Pesa vinahitaji kiapo kinachoeleza jinsi vilivyotunzwa na kutolewa. Wengi vielelezo vyao hukataliwa hapo. Mawakili sasa wanaruhusiwa mahakama ya mwanzo tangu marekebisho ya 2021, ila pale tu hakimu anayeketi ni hakimu mkazi.

#32 Dereva_Bajaji_TMK
Na kukata rufaa ni siku 30?

#33 KaraniMstaafu
Kutoka wilaya au hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu ni 45, kifungu cha 80, na rufaa inawasilishwa kwenye ile ile mahakama iliyotoa uamuzi. Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo kwa maandishi.

#34 Pwani_Raha
Mmesahau madeni. Mke kachukua kausha damu tatu (mikopo ya riba kubwa) kwa siri, zinafuatana. Nazo zinagawanywa?

#35 UshungiWaTanga
Soma 114(2): madeni yaliyokopwa kwa FAIDA YAO WOTE. Mkopo wa kikundi uliojaza duka, na duka lilisomesha watoto, unaingia. Mkopo wa vijora vya sare za harusi ya shoga, ubaki na shoga. Na mume naye, ule mkopo wa kazini aliosema wa kupaua nyumba, aonyeshe bati.

#36 Pwani_Raha
Na aliyezini? Anafukuzwa na mgao wake?

#37 UshungiWaTanga
Uzinzi uko 107, kwenye sababu za kuonyesha ndoa imevunjika. Kwenye orodha ya 114 haupo.

#38 Pwani_Raha
Lakini JohoJeusi kasema Bi Hawa alipunjwa kwa mwenendo.

#39 JohoJeusi
Sikusema kapunjwa, wala haikuwa uzinzi. Ilihusu fedha ya familia iliyopotea. Mwenendo unaogusa mali na ustawi wa familia unaweza kupunguza mchango. Mwenendo wa kitandani peke yake, mimi siuoni, ingawa najua wapo wanaoubishania.

#40 MthaminiWaMtaani
La haraka kwa aliye kwenye hali hiyo leo. Mwenzi akiwa na mpango wa kuuza kabla ya hukumu, kifungu cha 59 kinamzuia kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ikiwa na hati, weka zuio kwa msajili wa hati. Haina hati, kama nyingi za Chamazi? Daftari la msajili halikusaidii. Peleka barua serikali ya mtaa, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala, kisha uombe amri ya zuio mahakamani. Na amri ya mgawanyo ikitoka, isiishie "mke apate asilimia 40". Iseme nyumba iuzwe na nani, ndani ya muda gani, au mume amlipe kiasi gani abaki nayo. La sivyo hukumu inakaa kabatini na mume anakaa sebuleni.

#41 Mzee wa Kibanda Maiti
MtuWaChamazi. Mara ya tatu. Jina kwenye mkataba.

#42 MtuWaChamazi
Mzee una kiherehere. Haya. Kwenye mfano, jina ni la mama yake mwanaume. Wakati ule kijana alikuwa mkoani kikazi, akatuma hela, mama akasaini serikali ya mtaa.

#43 Bachela_Mkongwe
Mfano una mama mkwe 😂😂 Mkeka nauongeza.

#44 JohoJeusi
Posti 40 tumegawana nyumba ya watu. 114 inagusa mali za wanandoa. Mama akisimama akasema "changu", lazima asikilizwe. Na aliyetuma hela ana ushahidi gani, 2009?

#45 UshungiWaTanga
Asikilizwe, lakini fremu ni nani alijenga? Mama hana hata tofali. Mafundi wapo, risiti za duka la vifaa zipo. Majengo yanagawanywa hata kama ardhi ni ya mama.

#46 Pwani_Raha
Kwa hiyo sasa unakubali kutenganisha ardhi na majengo? Hiyo si njia ya pili uliyoikataa kule juu?

#47 UshungiWaTanga
Usinichokoze.

#48 KaraniMstaafu
Hapo mama atasema apelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba, mke atasema mume na mama wamepanga. Kama mama hakuunganishwa wala kuitwa kutoa ushahidi, siku ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, anaibuka na pingamizi, na dalali wa mahakama anarudi na gari tupu.

#49 Mzee wa Kibanda Maiti
Mama yuko hai?

#50 MtuWaChamazi
Mzee, hilo niliache nilifungulie uzi mwingine. Jukwaa la mirathi.